Kuloweka Bata Mzinga Katika Maji ya Chumvi

Ukipita asubuhi karibu na baadhi ya kaya za hapa Kharumwa, utamsikia kabla ya kumwona. Anapiga kelele, anatandaza mkia, anaburuza mabawa chini. Huyo ni bata mzinga dume. Anaitwa bata, lakini si bata. Asili yake ni Amerika, na watu wa kwanza kumfuga walikuwa wenyeji wa Meksiko, muda mrefu kabla Wazungu hawajafika huko.

Kwetu hapa bata mzinga hafugwi kwa ajili ya kitoweo cha kila siku. Anatunzwa kwa ajili ya harusi, Krismasi au mgeni wa heshima. Dume aliyekomaa hulisha watu wengi. Lakini katika shughuli nyingi nimesikia lalamiko moja. Mapaja ni matamu, kidari ni kikavu. Mgeni anatafuna mpaka taya zinauma, kisha kwa adabu anasema, "Chakula kizuri, mama."

Kidari cha bata mzinga ni kinene na kina mafuta machache. Moto ukikichoma, maji yake yanatoka na nyama inabaki kama kamba. Dawa yake ipo, nayo ni rahisi. Ni kuiloweka nyama katika maji ya chumvi kabla ya kuipika. Nimewafundisha watu wengi kazi hii. Kwanza, hata hivyo, nitaeleza jinsi nilivyoiharibu nyumbani kwangu mwenyewe.

VIFARANGA KUMI NA WANNE

Mwaka juzi mpwa wangu aliolewa. Mimi nilitoa bata mzinga dume. Nilikuwa nimesoma habari ya maji ya chumvi katika kitabu, nikamwambia mke wangu, "Mama, safari hii kidari hakitakuwa kikavu." Akaniuliza, "Utamlowekea wapi mnyama mkubwa namna hiyo?" Nikamjibu kwamba hilo aniachie mimi.

Nilichukua beseni pana la kufulia. Nikamweka ndege mzima, nikamimina maji na chumvi nyingi bila kupima. Miguu ilitokeza nje. Nilipolisogeza beseni, maji yakamwagika sakafuni. Tukapiga deki. Nikalisogeza tena, yakamwagika tena, safari hii karibu na mfuko wa unga. Usiku kucha ndege alilala katika maji yale bila barafu. Namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeugua tumbo. Ilikuwa bahati tu, na wewe usiijaribu.

Asubuhi nilimtoa ndege, nikayamwaga maji nyuma ya jiko, karibu na bustani ndogo ya mchicha. Pale ardhi ni ngumu na ina bonde kidogo, kwa hiyo maji yalituama. Ilikuwa kiangazi. Katika ua wote hapakuwa na maji mengine, kwa maana shughuli ilikuwa imetusahaulisha kujaza chombo cha kuku. Kuku mmoja mwenye vifaranga alipita hapo na watoto wake.

Jioni, wageni wakiwa bado wanacheza ngoma, mtoto wangu alikuja mbio. "Baba, vifaranga wanaanguka!" Nilikwenda na taa. Walikuwa wamelegea, wanahema kwa shida, kinyesi chao maji matupu. Asubuhi waliokufa walikuwa 14 kati ya 17. Mchicha nao ulianza kukauka kuanzia majani ya chini.

Neno la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa kideri, yaani mdondo. Fikiria aibu yangu. Mimi ni mtu wa kilimo na mifugo. Mimi ndiye ninayepita nyumba kwa nyumba kuwahimiza watu kuchanja kuku kila baada ya miezi 3. Majirani waliokuja kuaga wakaanza kunitazama kwa jicho la pembeni, kila mtu akiwaza kuku wake.

Bibi mmoja jirani yangu ndiye aliyeniokoa. Alizunguka ua taratibu na mkongojo wake, kisha akaniita. "Mwanangu, mdondo gani huu unaoua watoto wa mama mmoja, na wa mama wa pili unawaacha wazima?" Halafu akanyosha mkongojo nyuma ya jiko. Pale maji yalipotuama, jua lilikuwa limekausha udongo. Juu ya udongo palikuwa na utando mweupe. Ilikuwa chumvi.

Nilimpasua kifaranga mmoja. Tumbo lilikuwa limejaa maji. Hiyo ni moja ya dalili za kuku aliyekula au kunywa chumvi kupita kiasi. Kifaranga ni dhaifu kuliko kuku mkubwa, maana figo zake bado changa na haziwezi kuitoa chumvi nyingi mwilini. Nguruwe pia huuawa na chumvi, hasa akikosa maji safi ya kunywa. Maji ya kulowekea nyama yana chumvi mara nyingi zaidi ya kile ambacho kifaranga anaweza kuvumilia.

CHUMVI INAFANYA NINI NDANI YA NYAMA

Watu wetu wanaijua chumvi tangu zamani. Wazee wa Usukuma walikuwa wakisafiri kwa miguu hadi Ziwa Eyasi kuitafuta. Kule Uvinza, mkoani Kigoma, watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi na kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Na ukifika sokoni Mwaloni, Kirumba, pale Mwanza, utaona sangara waliotiwa chumvi na kukaushwa juani. Hao huitwa kayabo, na wengi wao huuzwa Kongo.

Lakini kayabo na kazi tunayoizungumza hapa ni vitu viwili. Samaki wa kayabo hutiwa chumvi nyingi sana. Chumvi huvuta maji kutoka katika nyama, na samaki hudumu muda mrefu bila kuoza. Sisi tunatumia chumvi kidogo ndani ya maji mengi. Hapo chumvi huingia taratibu katika nyama na kuzilegeza nyuzi zake. Nyuzi zikilegea hushika maji vizuri. Nyama ikiwekwa motoni, maji hayatoki yote. Ndiyo sababu kidari kinabaki laini.

Kwa hiyo usidanganyike. Maji haya ya chumvi kidogo hayahifadhi nyama. Nyama iliyomo ndani yake huoza kama nyama nyingine ikiwa mahali pa joto.

CHOMBO

Tumia ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Iwe ndoo ya chakula au ya maji ya kunywa. Ndoo ni nyembamba na ndefu, kwa hiyo maji hayayumbi kama katika beseni. Usitumie sufuria ya alumini kwa kuloweka, kwa sababu chumvi huila na kuitoboa vitundu vidogo vidogo.

Hapa lazima niseme jambo la kwetu sisi tunaoishi katika ukanda wa dhahabu. Kuna kaya ambazo karai au ndoo huenda machimboni asubuhi na kurudi jikoni jioni. Chombo kilichoshika zebaki, ile ambayo wachimbaji wengi huiita mekyuri, kisiguse chakula kamwe. Hata ukikiosha mara 10 kwa sabuni, hapana. Vivyo hivyo madumu yaliyobeba sayanaidi au dawa nyingine za kuchenjulia dhahabu. Mtu anaweza kukuuzia dumu zuri kwa bei ndogo. Muulize lilibeba nini. Akisitasita, liache.

Zebaki huharibu ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na humdhuru mtoto aliye tumboni mwa mama. Katika mji wa Minamata, nchini Japani, kiwanda kilimwaga baharini maji yenye zebaki. Watu wakala samaki. Mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi, na watu wengi walikufa au kulemaa. Leo mkataba wa mataifa kuhusu zebaki unaitwa kwa jina la mji huo, na Tanzania ni mwanachama wake.

Katika nchi nyingine watu huloweka bata mzinga katika mfuko mkubwa wa plastiki. Kwetu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni, 2019. Hata kama isingekuwa marufuku, mfuko hupasuka. Ukipasuka, jiko lako lote linakuwa kama lilivyokuwa langu siku ile ya harusi.

KIPIMO

Pima. Kosa langu la kwanza lilikuwa kukadiria kwa macho. Chukua kidumu cha lita 5 kilichokuwa cha mafuta ya kula, kikiwa kimeoshwa vizuri. Maji ya kidumu kimoja yanahitaji chumvi laini robo kilo. Ukiwa na pakiti ya nusu kilo, gawa katikati. Ukiwa na maji kidogo, weka vijiko 3 vya chakula, vilivyosawazishwa, kwa kila lita 1. Tumia chumvi ya kupikia. Chumvi ya mifugo iache kwa mifugo, kwa sababu nyingine huchanganywa na madini ambayo hayakukusudiwa kwa watu.

Chemsha lita 1 kati ya zile 5, koroga chumvi mpaka iyeyuke yote. Ukipenda, tia tangawizi iliyopondwa, vitunguu saumu na ndimu chache. Mimi huweka tangawizi tu. Kisha changanya na maji yaliyobaki, ambayo yawe safi na ya baridi. Maji ya mtungini ni mazuri kwa kazi hii. Ngoja mchanganyiko wote upoe kabisa kabla ya kuweka nyama. Maji ya uvuguvugu huwafurahisha vijidudu.

Sasa kata ndege vipande. Usimloweke mzima, maana hatoshi katika ndoo na chumvi huchelewa kufika katikati. Kidari kata vipande 4, mapaja tenga na miguu. Vipande visizidi nusu ya ndoo. Maji yavifunike vyote, na ibaki nafasi ya juu ili yasimwagike ukibeba.

BARIDI

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Nyama mbichi isikae kwenye joto zaidi ya saa 2, na wakati wa jua kali isizidi saa 1. Chumvi inahitaji saa 4 hadi 6 kufanya kazi vizuri katika vipande. Kwa hiyo unahitaji friji au barafu.

Kama wewe au jirani yako mna friji, siku moja kabla jazeni maji katika chupa 4 au 5 za plastiki. Acha nafasi juu ya chupa, kwa sababu maji yakiganda huvimba. Funga vifuniko, gandisha. Kesho yake osha chupa kwa nje kwa sabuni, suuza, zitumbukize ndani ya ndoo pamoja na nyama. Barafu ikiwa ndani ya chupa haipunguzi chumvi ya maji yako. Chupa zikiyeyuka, toa, weka nyingine. Funga ndoo, iweke kivulini, uifunike kwa blanketi zito au gunia. Kila baada ya saa 1 fungua uangalie. Kama hakuna tena barafu katika chupa yoyote na huna nyingine, toa nyama ukaipike.

Huna friji wala barafu? Basi usiloweke. Nasema hivyo bila kuzunguka. Fanya hivi: paka chumvi kavu juu ya vipande, kijiko 1 cha chakula kilichosawazishwa kwa kila kilo 2 za nyama. Funika, ngoja saa 1 mahali penye ubaridi, kisha pika. Chumvi haitafika ndani sana, lakini nyama itakuwa bora kuliko ile isiyopakwa kitu. Tena huna maji ya kumwaga. Kwa nyumba nyingi za vijijini mimi naiona njia hii kuwa bora zaidi, ingawa kitabu changu hakikuisema.

KUFANYA KAZI BILA KUCHAFUA

Uchafu wa kazi hii si tope la sakafuni peke yake. Nyama mbichi ya ndege mara nyingi ina vijidudu vinavyoleta kuhara na homa. Kila tone la maji yake ni kama mbegu. Likidondoka kwenye kachumbari, ambayo haipikwi, vijidudu vitaliwa vikiwa hai.

Kwa sababu hiyo, mchinje na kumnyonyoa nje, mbali na chakula. Manyoya na matumbo yafukie, la sivyo mbwa watayatapanya. Kabla hujaanza kukata, toa jikoni unga, mboga na sahani safi. Weka ndoo ndani ya beseni. Hapo beseni lina kazi yake: kukinga matone. Anza kwa kuweka vipande ndani ya ndoo, kisha mimina maji polepole pembeni. Ukitangulia kumimina maji halafu ukatupia mapaja, yatakurukia mpaka usoni. Ndoo iwekwe pale pale itakapokaa, isiwe na safari.

Nyama ikishakaa muda wake, itoe kipande kimoja kimoja, iache ichuruzike juu ya ndoo ile ile, kisha iweke kwenye sufuria. Usiisuuze tena kwa kurushia maji huku na huku. Ifute kwa kitambaa safi, na kitambaa hicho kichemshwe baadaye. Nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa kitu kingine. Kisu na kibao vioshwe kwa maji ya moto na sabuni, vianikwe juani.

Kupika sitaeleza sana, kwa sababu akina mama wananizidi. Wengine huoka katika sufuria yenye makaa chini na juu ya mfuniko, wengine hukaanga, wengine huchoma. Kumbuka mambo mawili. Usitie chumvi nyingine mpaka umeonja. Na usipakue mpaka umechoma kisu katika sehemu nene ya paja na kidari na kuona kwamba maji yanayotoka ni meupe, hayana wekundu, na nyama karibu na mfupa imeiva.

MAJI YANAKWENDA WAPI

Maji yaliyobaki ndani ya ndoo hayafai kwa kazi yoyote. Usiyapikie mchuzi. Usiyatumie kulowekea nyama nyingine. Usiwape nguruwe wala mbwa. Usimwagilie migomba wala mchicha, kwa sababu chumvi huzuia mizizi kunywa maji. Usiyamwage uani, hata kidogo, hata kama una haraka ya kwenda harusini.

Yapeleke katika choo cha shimo. Funika ndoo, ibebe taratibu, mimina shimoni. Kama choo kiko mbali, chimba shimo la futi 2 mbali na kisima, bustani na njia ya kuku, mwaga, kisha fukia hapo hapo. Ndoo ioshwe kwa sabuni na maji ya moto, na maji hayo ya kuoshea nayo yaende huko huko.

Siku ya kazi hii wafungie kuku bandani au katika tenga, na wawe na maji safi. Ikitokea bahati mbaya wakanywa maji ya chumvi, waondoe hapo mara moja. Wape maji safi kidogo kidogo, mara kwa mara. Usiwawekee mengi kwa mara moja, kwa kuwa kuku mwenye kiu kali hunywa kupita kiasi na huzidi kuumia. Kisha mwite ofisa mifugo, maana huenda ugonjwa ni mdondo kweli, na ukiukalia kimya utafika kwa jirani.

Krismasi iliyopita tulichinja dume jingine. Tulitumia ndoo, chupa 5 za barafu na vidumu 2 vya maji. Kuku walikuwa wamefungiwa tangu saa 12 asubuhi. Nilimwalika yule bibi jirani. Mke wangu alimwekea kiti kivulini na kumletea sahani ya wali, na juu yake kipande cha kidari. Bibi hakukaa. Alishika mkongojo wake, akaniuliza, "Mwanangu, yale maji umeyapeleka wapi?"

Nikamwonyesha choo. Akazunguka nyuma ya jiko kwanza, akaangalia udongo. Ndipo akarudi, akaomba maji ya kunawa.